Safu: mlalo au wima?

Safu ya milima ya Nyandarua, ukiitazama kutoka Naivasha, imelala. Safu ya gazeti, kama hii, imesimama. Kwa mwandishi wa programu tofauti hiyo ni kubwa. Hapo Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha, wanasayansi wamechunguza hifadhi ya mvuke kwa TOUGH2, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran. Jedwali la nyuzijoto za visima likitoka kwenye Fortran, limehifadhiwa wima. Lugha ya C hulisoma mlalo. Hakuna namba inayopotea, ila joto la kisima kimoja huandikiwa kingine, na kompyuta haitoi onyo lolote. Tena Fortran kwa kawaida huanza kuhesabu kutoka 1, C kutoka 0. Kwa hiyo, walimu wa kompyuta, tafadhali msiandike “safu” tu; andikeni kwa ukamilifu: safu mlalo, safu wima.