Fundi Konde: Mkongwe wa Kilifi aliyerudi studioni kuzirekodi upya nyimbo zake

WASIKILIZAJI wengi wa vipindi vya zilizopendwa nchini Kenya huutambua wimbo Tausi Ndege Wangu mara tu gitaa linapoanza kulia. Si wote, hata hivyo, wanaofahamu kwamba nyimbo za mtunzi wake zimeishi maisha mawili. Maisha ya kwanza yalinaswa kwenye santuri nzito za enzi ya ukoloni, zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Ya pili yalianza katika miaka ya 1990, pale mtunzi huyo, Fundi Konde, akiukaribia umri wa miaka 70, alipoungana na bendi ya Them Mushrooms na kuzirekodi upya nyimbo za ujana wake.

Kurudi kwake studioni kulikuwa zaidi ya burudani ya mzee anayekumbuka enzi zake. Kulirejesha jina la mtunzi kwenye nyimbo ambazo umma ulikuwa umezifanya zake, na kuliibua maswali ambayo wanamuziki wa Pwani wangali wanayauliza. Wimbo ni wa nani hasa? Ni wa aliyeutunga, aliyeuimba au aliyeimiliki mashine iliyounasa?

Kijana wa Kilifi

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 huko Mwabayanyundo, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Kaunti ya Kilifi. Alikuwa Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda ambao tangu kale wana hazina kubwa ya ngoma na nyimbo zinazoongozwa na kayamba, msondo na sauti za kupokezana.

Lakini pwani aliyokulia haikuwa na ngoma za jadi peke yake. Misheni za Kikristo zilikuwa zimeingia Rabai tangu mwaka wa 1846, na baadaye Freretown karibu na Mombasa, zikafunza kuimba kwa sauti zilizopangwa na kupiga ala za Kizungu. Mijini nako palikuwa na beni, zile ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, pamoja na dansi ambazo vijana walicheza wakiwa wamevalia suti. Katika mchanganyiko huo ndimo walimochipuka wapiga gitaa wa mwanzo wa pwani ya Kenya, ambao miongoni mwao hutajwa Lucas Tututu, Paul Mwachupa na Fundi Konde mwenyewe.

Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka mbali na kwao. Jeshi la wakoloni lilikuwa na kikosi cha burudani kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki, na Konde akawa mmoja wa wanamuziki wake. Kazi hiyo ilimfikisha barani Asia, ambako askari wa King's African Rifles walikuwa wakipigana na Wajapani nchini Burma. Vijana wengi wa kikosi hicho walirudi nyumbani wakiwa wameonja rumba, foksitroti na walzi, na wamejifunza kupiga muziki kama kazi.

Miaka ya santuri

Baada ya vita Konde aliingia Nairobi, ambako biashara ya santuri ilikuwa ikipamba moto. Alirekodi chini ya lebo ya HMV na kufanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akikuza vipaji vya wanamuziki Waafrika na kuandaa matangazo ya biashara. Konde huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme.

Nyimbo zake za kipindi hicho, zikiwemo Mama Sowera, Majengo Siendi Tena, Kipenzi Waniua-ua na Ajali Haikingiki, zina sifa zinazozitambulisha. Kiswahili chake ni cha pwani, chepesi na chenye mizani. Waimbaji wawili au zaidi huenda pamoja kwa sauti zinazotofautiana kwa kipimo. Gitaa halipigi kelele, bali hujibu kila ubeti kama mtu anayeitikia mazungumzo. Katika baadhi ya nyimbo klarineti hupenya katikati na kuupa muziki haiba ya ukumbi wa dansi.

Umbo la nyimbo hizo lilitokana pia na mipaka ya vifaa. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulichukua takriban dakika tatu tu, hivyo mtunzi alilazimika kueleza kisa chake, kupitisha gitaa na kufunga bila kupoteza muda. Wanamuziki walipiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni, na aliyekosea aliwalazimisha wenzake kuanza upya. Santuri zenyewe zilikuwa dhaifu. Zilivunjika kama sahani za udongo, na kila zilipochezwa sindano ilizikwaruza zaidi.

Baadaye Konde alihamia upande wa pili wa kioo cha studio, akawa mtu wa kurekodi sauti za wengine. Hapo jina lake la Fundi likapata maana ya pili. Jukwaani, hata hivyo, kizazi kipya kilishika usukani. Benga, twisti na rumba kutoka Kongo zikatawala miaka ya 1960 na 1970, na wakongwe wa santuri wakabaki sauti za redioni.

Them Mushrooms waingia

Bendi iliyomrejesha kwenye uwanja nayo ni zao la pwani. Them Mushrooms, ambayo baadaye iliitwa pia Uyoga, ilianza mwaka wa 1972 ikiongozwa na ndugu wa familia ya Harrison, wakiwemo Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana. Majina ya Kalanda, Kalume na Katana yanatosha kutangaza asili yao ya Kimijikenda.

Bendi hiyo ilijijenga kwa kupiga muziki katika hoteli za kitalii, na mwaka wa 1982 ikatoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda. Wimbo huo ulienea duniani. Kundi la Boney M lililokuwa na makao Ujerumani lilitoa toleo lake mwaka wa 1983, na bendi nyingine nyingi zikafuata, kila moja ikiongeza au kupunguza maneno. Leo mtalii anayefika Malindi au Watamu aghalabu huusikia kabla hajamaliza glasi yake ya kwanza ya maji ya dafu. Wengi huudhani kuwa wimbo wa jadi usio na mwenyewe, ilhali mtunzi wake alikuwa hai hadi alipofariki mwaka wa 2024.

Mwaka wa 1987 Them Mushrooms walihamia Nairobi. Huko, pamoja na kutunga nyimbo mpya, walianza kuzifufua za zamani. Walishirikiana na mwimbaji wa taarab Malika, na wakamwendea Fundi Konde. Ushirikiano huo ulikuwa na mantiki. Vijana walikuwa na vyombo vya kisasa, mashabiki na nafasi redioni. Mzee alikuwa na nyimbo, historia na sauti ambayo umri ulikuwa umeipunguzia kasi bila kuizima.

Kile kinachobadilika

Kurekodi wimbo upya si kuunakili. Mwimbaji wa miaka 70 hana pumzi ya mwimbaji wa miaka 25, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kuteremsha ufunguo wa sauti au kukata vipande virefu. Gitaa la besi, ngoma kamili na kinanda cha umeme hujaza nafasi ambazo zamani ziliachwa wazi. Kila chombo hurekodiwa peke yake na kusawazishwa baadaye, jambo lisilowezekana katika zama za santuri.

Faida yake ni wazi. Maneno yaliyokuwa yamezama katika mikwaruzo husikika tena, na mtoto aliyezoea muziki wa disko huweza kuucheza wimbo wa babu yake bila kuhisi ugeni. Hasara nayo ipo. Ule ukaribu wa watu wachache waliozunguka maikrofoni hauwezi kutengenezwa upya, na mdundo wa ngoma za kisasa huweza kuufanya wimbo wa masikitiko usikike kama wa sherehe.

Kwa bahati njema, katika suala la Konde msikilizaji hakulazimika kuchagua. Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilitoa mkusanyiko wa rekodi zake asilia za kati ya mwaka wa 1947 na 1956. Hivyo muongo huohuo ulimrudisha kwa njia mbili, mara moja kama kijana na mara nyingine kama mzee, na masikio yakapata nafasi ya kulinganisha.

Si yeye peke yake

Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Malaika akiwa na Jambo Boys, kisha akaurekodi tena katika studio za Equator Sound mwanzoni mwa miaka ya 1960. Toleo la pili ndilo lililousambaza zaidi wimbo huo, ambao Miriam Makeba aliupeleka ulimwenguni. Hata hivyo utunzi wake umegombaniwa kwa miongo mingi, na miongoni mwa wanaotajwa kuwa watunzi ni Adam Salim na Grant Charo. Fadhili William alifariki mwaka wa 2001 bila ya mabishano hayo kukoma.

Nchini Tanzania, Shikamoo Jazz iliundwa mwaka wa 1993 ikiwakusanya wanamuziki wazee waliowahi kupigia bendi mbalimbali, akiwemo Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora. Mwaka wa 1995 ilitoa albamu ya Chela Chela, na wakongwe hao wakathibitisha kwamba nyimbo za ujana wao zilikuwa bado na wateja.

Ng'ambo pia mtindo huo upo. Mwingereza Jeff Lynne, kiongozi wa bendi ya roki ya Electric Light Orchestra, alizirekodi upya nyimbo za bendi hiyo mwaka wa 2012 kwa sababu hakuridhishwa na namna zilivyosikika hapo awali. Mmarekani Taylor Swift alianza mwaka wa 2021 kutoa upya albamu zake baada ya rekodi za mwanzo kuuzwa kwa watu wengine, na mwaka wa 2025 akafaulu kuzinunua. Lynne alisukumwa na sikio lake, Swift akasukumwa na umiliki. Wanamuziki wa Afrika Mashariki mara nyingi wamesukumwa na yote mawili.

Sheria yasemaje

Ili kuielewa thamani ya rekodi mpya, ni vyema kutofautisha mali mbili zilizomo katika wimbo mmoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani na mtu fulani. Mtunzi anaweza kuwa na haki juu ya ile ya kwanza bila kuwa na senti katika ile ya pili.

Katika zama za santuri, desturi iliyoenea ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja kwa kila wimbo. Akishapokea fedha zake aliondoka, na mauzo yote yaliyofuata yakawa ya kampuni. Kenya haikuwa na chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki wake hadi MCSK ilipoundwa mwaka wa 1983.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huulinda utunzi wa muziki kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, muda wa rekodi za Konde za mwaka wa 1947 hadi 1956 ulikwisha kati ya mwaka wa 1997 na 2006. Zile alizorekodi katika miaka ya 1990 zitaendelea kulindwa hadi miaka ya 2040.

Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000. Kwa hiyo tungo zake zinabaki mali yenye mwenyewe hadi mwisho wa mwaka wa 2050, na haki hiyo hurithiwa kama linavyorithiwa shamba la minazi. Hii ina maana kwamba bendi ya hoteli inayoupiga wimbo wake, kituo cha redio kinachoutangaza na kijana anayeutia mdundo mpya kwa kompyuta wote wanatumia mali ya mtu, hata kama santuri ya kale imekwisha kuwa huru.

Urithi uliobaki

Pwani ya Kilifi na Malindi imetoa nyimbo ambazo dunia inaziimba bila kuwajua wenyewe. Jambo Bwana hudhaniwa kuwa salamu tu, na nyimbo za Konde huitwa za zamani kana kwamba zamani ndiyo iliyozitunga. Kurekodi upya kulimpa mkongwe huyo kile ambacho watunzi wengi wa rika lake hawakukipata: nafasi ya kusimama mbele ya maikrofoni akiwa hai na kutajwa kwa jina kuwa ndiye mwenye wimbo.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Ndugu wa Harrison walikuwa tayari na wimbo uliovuka bahari walipomwendea mzee wao wa Kilifi, na hawakuona haya kukaa nyuma yake na kumpigia vyombo.