Plymouth: Mahame, Si Magofu

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza juzi, "Prof, magofu na mahame si kitu kimoja tu?" Nilimjibu kwa kisa cha mji wa Plymouth katika kisiwa cha Montserrat, koloni dogo la zamani katika bahari ya Karibea ambalo hadi leo liko chini ya Uingereza.

Nilizuru Plymouth miaka kadhaa iliyopita. Huingii hivi hivi; sharti uwe na kibali na kiongozi. Tulitembea juu ya majivu yaliyogandamana, huku orofa za juu za majengo zikichomoza ardhini kama vichwa vya watu waliozikwa wima. "Hapa chini kuna maduka," kiongozi wetu akasema, akipiga mguu chini. Yeye mwenyewe alizaliwa humo.

Mlima wa Soufrière Hills ulikuwa umetulia kwa karne nyingi. Tarehe 18 Julai 1995 ukaamka. Wakazi wa Plymouth walihamishwa, wakarudishwa, wakahamishwa tena, hadi Aprili 1996 walipoondolewa kwa mara ya mwisho. Wengi walibeba vitu vichache tu, wakidhani watarejea. Wakulima wengine hawakuweza kuyaacha mashamba yao, nao wakaendelea kuingia katika eneo lililopigwa marufuku. Tarehe 25 Juni 1997, wingu la gesi moto, majivu na mawe liliporomoka kwa kasi kutoka mlimani na kuua watu 19. Agosti mwaka huo, mawingu kama hayo yaliufikia mji wenyewe na kuuteketeza. Zaidi ya nusu ya watu wa kisiwa hicho, waliokuwa takribani 11,000, walikwenda kuishi ng'ambo, wengi wao Uingereza. Ofisi za serikali sasa ziko Brades, kaskazini. Hata hivyo, kisheria, Plymouth ungali mji mkuu!

Sasa turejee kwa swali. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Mahame ni mahali palipohamwa. Neno lenyewe limetokana na kitenzi 'hama'. La kwanza latueleza habari za mawe, la pili habari za watu. Goma, lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini Januari 2002, nyumba nyingi ziliangamia, lakini waliokimbilia Rwanda walianza kurejea baada ya siku chache tu. Hapakuwa mahame.

Sisi hapa Kenya tumezoea kusema magofu ya Gedi. Labda ni sawa, kwa kuwa hatuna tena wa kumuuliza kwa nini aliondoka. Plymouth wa kuulizwa wapo. Kiongozi wetu alinionyesha kwa kidole mahali ilipokuwa nyumba ya mamake. Mimi niliona majivu matupu. Yeye aliona mlango.

Nikamwambia mwanafunzi wangu: mwenyewe akiwa hai, usiite kwake gofu.