Taka Zinazooza: Istilahi na Mipaka Yake Kisheria

Taka zinazooza ni mabaki yenye asili ya mimea au wanyama, kama vile maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, makombo ya mikahawani na majani yaliyofagiliwa uani, ambayo bakteria na kuvu huyavunjavunja, na yakitunzwa vizuri penye hewa hugeuka mboji. Istilahi hii inashindana na taka ogani na taka za kikaboni, ambazo watafsiri wa nyaraka huzipenda kwa kuwa zinafuatana kwa karibu na Kiingereza. Lakini kwa mwanakemia hata mfuko wa plastiki, unaotokana na mafuta ya petroli au gesi, ni kitu cha kikaboni, na mfuko huo ndio hasa usiotakiwa kuchanganywa na maganda.

Mkanganyiko huo una madhara kwa sababu sheria zimejengwa juu ya mpaka huo. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za binafsi kugawa taka zisizo hatari katika mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na kuziweka katika vyombo vyenye maandishi na rangi za kuzitambulisha. Tanzania, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilizikabidhi serikali za mitaa jukumu la kuelekeza jinsi taka zitakavyotenganishwa pale zinapozalishwa, ingawa zote huitwa taka ngumu, jina ambalo, ajabu kidogo, linalihesabu hata embe lililoiva likabonyea.

Jimbo la California nchini Marekani limeupanua mpaka huo zaidi: sheria yake iliyosainiwa mwaka 2016, ambayo kanuni zake zilianza kutumika Januari 2022 kwa kaya na biashara, inahesabu pia karatasi, maboksi na mbao, kwa kuwa vitu hivyo navyo, vikifukiwa dampo pasipo hewa, huzalisha methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto angahewa zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa hiyo kigezo ni kuoza, wala si kaboni, na halmashauri inayoandika sheria ndogo ingefanya vyema kutumia taka zinazooza, kisha ikaeleza wazi kama karatasi imo au haimo.