Aliyekuwa Akifuatwa

Kiswahili kina neno buri kwa jino kubwa la ndovu, na kina kalasha kwa jino dogo. Maneno yote mawili yanazidi kusahaulika. Kijana wa rika langu ukimtajia kalasha atadhani ni jina la mtu. Lakini katika karne ya 19, pale forodhani Unguja, tofauti ya buri na kalasha ilikuwa tofauti ya fedha. Meno yalipimwa kwa frasila, yakaandikwa daftarini, yakapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani, huko yakawa bangili, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Ninaisoma historia ya biashara hiyo kwa shahada ya uzamili, na kila nikirudi kwenye habari zake nakuta mambo ni yaleyale: uzito unajulikana, bei inajulikana, tajiri anajulikana. Mnyama mwenyewe haonekani. Alikuwa na umri gani? Alikuwa dume au jike? Nani walikuwa wakimfuata nyuma?

Hilo swali la mwisho ndilo lililonitoa kwenye madaftari na kunipeleka kwenye tafiti za wanabiolojia, ambazo mwanahistoria hazisomi mara kwa mara.

Kundi la tembo unaloliona likivuka barabara ya vumbi huwa ni ukoo wa kike: mama, dada zake, mabinti, wajukuu. Madume hukaa na mama zao hadi wakaribie miaka 14 hivi, kisha huondoka. Majike hubaki pamoja maisha yao yote, na anayewaongoza kwa kawaida ndiye aliyewazidi wote umri. Wengine hupenda kumwita malkia. Neno hilo halinipendezi, maana malkia huamuru, na huyu haamuru mtu. Yeye huanza kutembea, wengine wakamfuata. Isitoshe, cheo cha malkia wa pembe za ndovu vyombo vya habari vilikwisha kumpa mwingine: mfanyabiashara aliyehukumiwa miaka 15 katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Februari 2019. Basi mimi nitamwita bibi, kama tunavyowaita walioishi kuliko sisi.

Habari za bibi tunazijua kwa sababu kuna watu waliokubali kukaa miaka mingi wakitazama. Iain Douglas-Hamilton alianza Manyara katikati ya miaka ya 1960. Cynthia Moss alianza Amboseli mwaka 1972, na utafiti huo haujakatika mpaka leo. Walijifunza kumtambua kila tembo kwa masikio yake, mipasuko na matundu yake, kama karani anavyojua sahihi za wateja. Hapo ndipo tembo mmoja mmoja alipoanza kuwa na historia: amezaliwa na nani, amezaa lini, amefiwa na nani. Bibi mmoja wa Amboseli, aliyepewa jina Echo, alifuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipokufa mwaka 2009, akiwa na zaidi ya miaka 60.

Hukohuko Amboseli, Karen McComb na wenzake waliwasikilizisha tembo ngurumo za simba kwa vipaza sauti, matokeo wakayachapisha mwaka 2011. Familia zote zilijua kuwa simba watatu ni hatari kuliko mmoja. Kujua kwamba anayenguruma ni simba dume, ambaye ana nguvu zaidi za kumwangusha ndama, lilikuwa jambo gumu zaidi, na waliolimudu vizuri ni wale walioongozwa na mabibi waliopita miaka 60. Ujuzi huo hauji kwa kuzaliwa nao. Unakusanywa polepole, na umekaa ndani ya kichwa kimoja ambacho wengine wote wanakitegemea.

Sasa turudi kwenye buri. Jino la tembo haliachi kukua. Katika wimbi la ujangili la miaka ya 1970 na 1980, madume wenye meno mazito ndio walioanza kuadimika, na wawindaji wakawageukia majike. Katika familia, jike mwenye meno makubwa aghalabu ni yule mzee. Kuna na jingine baya zaidi: tembo wakishtuka hukimbilia kwa bibi na kujibana kumzunguka, ndama wakiwa katikati. Mbele ya simba hiyo ni ngome. Mbele ya bunduki ya rashasha ni kumrahisishia jangili kazi.

Inakadiriwa kuwa Afrika ilikuwa na tembo wapatao milioni 1.3 mwaka 1979, na miaka 10 baadaye walibaki kama 600,000. Mwaka 1989 Tanzania iliendesha Operesheni Uhai, Kenya ikachoma tani 12 za meno hadharani, na biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ikapigwa marufuku. Vitabu vingi hufunga sura hapo, kana kwamba bunduki zikinyamaza hasara nayo imekoma kuhesabika.

Mwaka 1993 Tarangire ilikumbwa na ukame mkali. Charles Foley, aliyekuwa ameanza kuwafuatilia tembo wa hifadhi hiyo mwaka huohuo, aliwaangalia ndama 81 wa koo tatu. Katika miezi tisa walikufa 16, yaani kama asilimia 20, wakati mwaka wa kawaida hufa kama asilimia 2 tu. Koo mbili zilitoka hifadhini kwenda kutafuta malisho na maji kwingine. Ukoo wa tatu ulibaki, na huo ndio uliozika zaidi ya nusu ya ndama wote waliokufa.

Kwa nini wengine waliondoka na wengine wakabaki? Uchambuzi wa Foley na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, unatoa maelezo ambayo nimeyarudia mara nyingi kuliko kitabu chochote cha kozi yangu. Ukame wa kiwango hicho ulikuwa umetokea mara ya mwisho kati ya mwaka 1958 na 1961. Katika koo zilizoondoka walikuwemo majike wenye umri wa kutosha kuwa waliupitia ule ukame wa kwanza wakiwa wadogo, wakifuata nyayo za mama zao. Ukoo uliobaki ulikuwa na viongozi wenye umri mdogo. Wazee wake walikuwa wameondolewa na majangili miaka iliyotangulia.

Mwanahistoria hapa lazima aweke breki. Tembo hahojiwi, na watafiti wenyewe hawakudai kumsoma mtu akili. Walisema maelezo hayo ndiyo yanayoelekea kulingana na walichokiona. Lakini sisi pia hujenga hoja kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Mimi naukubali. Na nikiukubali, basi ndama wa mwaka 1993 wanaingia katika hesabu ya risasi zilizopigwa kabla hawajazaliwa, na wanunuzi wa meno yale hawakuwahi kuandikiwa deni hilo.

Mikumi inasema jambo linalokaribiana na hilo, tena kwa ushahidi usio na fahari yoyote: mavi. Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na wenzao walipima homoni katika kinyesi cha tembo wa hifadhi iliyokuwa imeporwa vibaya kabla ya mwaka 1989. Miaka mingi baada ya marufuku, majike walioishi katika makundi yasiyo na mzee wala ndugu wa karibu walikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo, na walizaa kidogo kuliko wenzao. Hakuna aliyekuwa akiwawinda wakati huo kama zamani. Walikuwa wameachiwa uhai bila ukoo.

Ndiyo maana habari za sensa hunitia wasiwasi hata zikiwa njema. Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa takriban 43,000. Baadaye serikali ikatangaza kuwa wamepita 60,000. Ni habari ya kufurahia. Ila ndege ya sensa inahesabu migongo. Ndama watatu na bibi mmoja ni tembo wanne, na ndama wanne ni tembo wanne.

Kuna upande mwingine ambao watu wa Simanjiro wanaujua kuliko mimi. Mvua zikinyesha, tembo wa Tarangire hutoka hifadhini kwenda kwenye tambarare za vijiji vya Wamaasai, na upande wa Manyara hupita ushoroba wa Kwakuchinja, katikati ya mashamba, nyumba na barabara kuu. Bibi anaweza kuikumbuka njia vizuri kabisa na akaikuta ni shamba la mahindi la mtu mwenye watoto wa kusomesha. Katikati ya miaka ya 2000, kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya tambarare yake haitalimwa, mifugo itachunga, na kijiji kitalipwa kila mwaka. Ni mkataba wa kawaida wa karatasi na mihuri, ila mwenzangu akiniuliza uhifadhi wa kumbukumbu za tembo unafananaje, huo ndio ninaomtajia kwanza.

Majike waliozaliwa Tarangire wakati wa ukame wa 1993 na wakapona sasa wamepita miaka 30. Wana ndama wao. Wakisalimika, watafikia umri wa kuitwa mabibi mnamo miaka ya 2040, na watakachokikumbuka kitategemea walitembea nyuma ya nani mwaka ule.