Betri ya Sola Kwa Nyumba: Inalipa Ama Inakula Doo?

Sola bila betri inapiga kazi jua likiwaka, saa zenye wewe uko job. Jioni unarudi kwa token. Na kama imeunganishwa na laini ya Kenya Power, blackout ikiingia inajizima pia.

Sasa cheki hesabu. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah inabeba wati-saa 1,200, na ukitaka idumu, tumia nusu tu. Hizo 600 zinasukuma TV, Wi-Fi na balbu nne masaa kama matano. Lithium ni bei, lakini unaitumia karibu yote na inakaa miaka mingi zaidi. Shawa ya wati 5,000 nayo sahau. Dakika saba na umebaki na povu.

Ukishinda home mchana na stima kwenu haipotei, ongeza paneli kwanza. Blackout zikizidi, jipange na lithium.