Nshomile: Neno la Utani na Kumbukumbu ya Bukoba

Katika mazungumzo ya vijiweni nchini Tanzania, Mhaya hutaniwa kwa jina la nshomile. Neno hilo ni la Kihaya, na maana yake ni "nimesoma". Kiswahili cha mitaani kimeligeuza kuwa jina la mtu anayejivunia elimu yake. Utani huo una historia. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, shule zikafuata, na fedha za kahawa zikawawezesha wazazi kulipa ada. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukoba, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi.

Hata hivyo, neno hilo humtaja aliyesoma, wala halimtaji aliyebaki kibanjani akiitunza lugha. Mwaka 2001 Saida Karoli alivuma nchi nzima kwa wimbo wa Maria Salome, akiimba zaidi kwa Kihaya. Wengi walioufuatisha hawakuielewa lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuhuisha kwa jina la Salome, na wazee wakapata la kuwasimulia vijana.

Mtafiti atakayeusikiliza mzaha na kuuacha wimbo ataandika historia ya waliosoma peke yao.