Kutoka Gereza hadi Kambi: Historia ya Kosa la Kuchafua Jina Malawi

Hapa Biwi, na kule kambini Dzaleka, ugomvi wa maneno mara nyingi huishia kwa kitisho kimoja: "Umenichafulia jina, nitakupeleka polisi." Mtu ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kiongozi fulani anapendelea ndugu zake, kesho yake ujumbe umefutwa na mwandishi ananyamaza. Wengi wetu tunadhani polisi ndio walinzi wa majina ya watu tangu zamani. Insha hii inaonesha kuwa sivyo. Kosa la jinai la kuchafua jina lililetwa na ukoloni, likadumu baada ya uhuru, na nchini Malawi limeondolewa na mahakama mwaka 2025 tu. Swali ni nini kimebaki baada ya hapo.

Kanuni ya Adhabu ya Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1930. Mwaka huohuo Kenya, Tanganyika na Uganda nazo zilipata kanuni zao. Zote zilifuata mfano uliotoka Wizara ya Makoloni mjini London, ambao nao ulichota mengi kutoka kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Ndiyo maana kifungu cha 200 cha Malawi na kifungu cha 194 cha Kenya vilifanana kama mapacha. Vyote viliharamisha kumvunjia mtu heshima kwa kuchapisha, kuandika, kuchora au hata kutengeneza sanamu. Maneno matupu ya mdomo hayakuguswa. Tofauti hiyo ilitoka katika sheria za Uingereza, lakini katika koloni ilimaanisha kwamba aliyekuwa hatarini ni yule mchache mwenye kalamu na mashine ya kuchapa. Upande wa Kongo, Wabelgiji waliweka kosa kama hilo katika ibara ya 74 ya Kanuni ya Adhabu ya 1940. Kwa hiyo Mkongomani anayekimbilia Malawi aliacha kosa hilo nyumbani akakuta ndugu yake ugenini.

Uhuru wa 1964 haukufuta kifungu cha 200. Rais Hastings Kamuzu Banda alikiacha, kisha akaongeza vingine vikali zaidi. Sheria ya mwaka 1967 kuhusu bendera, nembo na majina yanayolindwa ilifanya kumtusi Rais kuwa kosa, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya udhibiti wa maandishi na burudani. Magazeti ya Daily Times na Malawi News yalikuwa mali ya kampuni yake. Mshairi Jack Mapanje aliwekwa kizuizini kuanzia 1987 hadi 1991 bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Serikali inayoweza kufanya hivyo haihitaji sana kesi ya kashfa. Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lake linatokana na neno la Kichewa la kuacha, na watu hulifasiri kama ahadi ya mfungwa: sitarudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo palifunguliwa kambi ya wakimbizi, na jina likabaki.

Kura ya maoni ya 1993 ilimaliza utawala wa chama kimoja. Katiba mpya ikalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 35 na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 36. Hata hivyo sheria ya 1930 iliendelea kuishi chini ya Katiba ya 1994 kwa zaidi ya miaka 30. Mwanaharakati Joshua Chisa Mbele alishtakiwa kwa kifungu cha 200 kutokana na maneno aliyoandika mtandaoni. Tarehe 16 Julai 2025, Mahakama Kuu ikiketi kama Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hoja kuu ilikuwa kwamba adhabu ya jinai imepita kiasi, kwa kuwa aliyeumizwa anaweza kufungua kesi ya madai.

Malawi haikuwa ya kwanza. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua katika kesi ya mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kunakiuka haki zake. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kifungu cha 194 mwaka 2017. Lakini Uganda, mwaka 2009, Mahakama ya Katiba ililihalalisha kosa hilohilo. Maneno yaleyale ya 1930 yalisomwa kwa macho tofauti.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito kwa watu wa Dzaleka. Wengi walikimbia maneno kabla ya kukimbia mapanga. Redio RTLM na gazeti la Kangura vilichochea mauaji ya kimbari Rwanda, na wahusika walihukumiwa Arusha mwaka 2003. Je, tunafungua tena mlango huo? Naona hapana, kwa sababu kuchochea mauaji ni kosa jingine kabisa. Kifungu cha 200 kililinda heshima ya mtu mmojammoja; hakikutungwa kulinda uhai wa jamii.

Kesi ya madai nayo si nyepesi. Mwaka 2002 mahakama ya Kenya ilimpa mwanasiasa Nicholas Biwott fidia ya shilingi milioni 20 dhidi ya gazeti la The People. Kiasi kama hicho kinaweza kufunga chumba cha habari bila askari kuonekana. Vilevile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Usalama wa Mitandao ya Malawi, ya mwaka 2016, ina makosa yake ya mawasiliano yanayoudhi. Tena, maskini aliyechafuliwa jina kweli hana pesa za wakili.

Kwa mkimbizi wa Biwi kuna jambo la ziada. Tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi walioko mijini warudi Dzaleka, kitisho cha polisi hakihusu kashfa tu. Anayefikishwa kituoni anaweza kuulizwa kwanza kwa nini yuko mjini. Ndiyo maana ujumbe hufutwa hata pale ulipokuwa wa kweli.

Kwa kuhitimisha, hukumu ya 2025 imeondoa kifungu, lakini haijaondoa hofu iliyozoeleka kwa miaka 95. Jina jema hung'aa gizani, wahenga walisema, na mtu ana haki ya kulitetea lake: kwa kujibu, kudai masahihisho, au kwenda mahakamani na ushahidi. Anayetaka kufanya hivyo kwa pingu hana sheria hiyo tena. Yafaa habari hiyo itangazwe kwa Kiswahili kwenye redio ya jamii ya Yetu pale Dzaleka, ili mtu akiambiwa "nitakupeleka polisi" ajue la kujibu.